Ngoma Iliyokuwa Mtoto

Bibi yangu akifika pale zimwi anapomfungia mtoto ndani ya pipa, alikuwa anaacha kusimulia na kuanza kuimba. Wasichana walikwenda pwani kuokota makombe. Mmoja akasahau la kwake juu ya mwamba, akalirudia peke yake huku akiimba ili asiogope. Zimwi akaipenda ile sauti, akamkamata, akamtia pipani, akaliwamba ngozi na kuzunguka nalo vijijini. Kila akilipiga, ngoma inaimba. Watu wanastaajabu, wanamlisha zimwi wali na kuku. Hadi alipofika kijijini kwao yule mtoto, na mama akaijua sauti ya mwanawe.

Kutokana na hadithi hiyo tunatengeneza albamu hapa Tanga, waimbaji saba, nyimbo tisa, huu mwaka wa pili. Hakuna gitaa, kinanda wala ngoma. Ni sauti za watu tu. Prodyuza wa kwanza tuliyemfuata alitusikiliza kwa adabu, kisha akasema tuweke kinanda kidogo, watu wapate cha kushika. Nilimwelewa. Lakini hadithi yenyewe inakataa: watu wa vijiji vile walidhani wanasikia ngoma, kumbe wanamsikia mtoto. Nikipiga ngoma ya kweli, nimekwisha kuisema uongo hadithi ya bibi.

Aliyenipa moyo ni Björk, mwimbaji wa Iceland, kwa albamu yake ya mwaka 2004 iitwayo Medúlla. Waliosoma baiolojia watalikumbuka neno hilo kwenye mchoro wa ubongo. Kwa Kilatini maana yake ni uboho, ule ute wa ndani ya mfupa. Alikuwa ameshaanza kurekodi na vyombo, akawa anavizima kimoja kimoja, akaona kila anapozima, wimbo unasimama vizuri zaidi. Nyimbo zikawa 14, karibu zote zimejengwa kwa koo na midomo, vyombo vimebaki vichache vya kuhesabika. Miaka miwili kabla yake alikuwa amejifungua binti, na mwenyewe ameeleza kwamba mimba ile ilimrudisha kwenye mambo ya damu, nyama na mifupa. Mimi naamini hapo ndipo albamu ilipopata uti wa mgongo. Albamu ya wazo moja si nyimbo nyingi zinazotaja jambo moja. Iko kama utenzi: ubeti mmoja haumalizi hadithi, unasubiri unaofuata, na kina cha mwisho kinazifunga beti zote.

Sikilizeni aliowaita. Rahzel wa Marekani, aliyekuwa na kundi la The Roots, na Dokaka wa Japani, hawa ni wapiga ngoma kwa mdomo. Mike Patton, ambaye sauti yake ya chini inakoroma kama kitu kilicho chini ya ardhi. Kwaya ya Iceland na kwaya ya London. Na Tanya Tagaq, wa jamii ya Inuit kutoka Cambridge Bay, kaskazini kabisa ya Kanada. Kwao wanawake wawili husimama uso kwa uso wakapokezana sauti za kooni, pumzi ya kuvuta na pumzi ya kutoa, na anayecheka kwanza ameshindwa. Tagaq aliujifunza mchezo huo akiwa masomoni, mbali na kwao, kwa kusikiliza kanda alizotumiwa na mama yake, na kwa kuwa hakuwa na mwenzake wa kusimama naye, akajifunza kuwa wawili ndani ya koo moja. Nikimsikia, simsikii mtu anayeiga mnyama. Namsikia aliye njiani kati ya mtu na mnyama.

Wimbo mmoja wa albamu hiyo, Oceania, Björk aliuimba Athens tarehe 13 Agosti 2004, katika ufunguzi wa Olimpiki. Anayesema ndani yake ni bahari. Anawatazama binadamu waliotoka kwake na kupanda nchi kavu, anawatazama kwa jicho la mama aliyezaa. Maneno ameyaandika mshairi Sjón. Gauni alilovaa Björk lilifunguka likatandazwa juu ya wanamichezo uwanjani, mwanamke akawa maji mbele ya macho ya dunia. Huko nyuma sauti za kwaya zinapanda na kushuka, mawimbi matupu. Ngano kama hiyo haihitaji kuelezwa kwa maneno mengi. Sauti ikishageuka, msikilizaji naye amevuka.

Basi sauti ya ngoma ya zimwi tungeitoa wapi? Tulijaribu kuiga bitiboksi, zile ngoma za mdomo za vijana, ikawa ya kuazima. Siku moja mama mmoja wa Mvita, yaani Mombasa, mkubwa wetu kwenye kikundi, alinisahihisha neno la wimbo. "Mwalimu, mwanangu, hapo umetaja paa la nyumba. Mnyama ana pumzi. P'aa!" Mshumaa ulikuwa mezani kwa sababu umeme ulikatika, alipotamka mnyama, moto ukalala. Alipotamka nyumba, haukutikisika. Nikamwomba, "Mama, sema tena, lakini maneno yote yaache, bakiza hiyo pumzi." Akaisema mdomo ukiwa umegusa maiki, maana ukiisogelea sana, sauti za chini huvimba. Ikatoka ngoma kubwa, nzito, yenye mwili. Tuliirekodi mara kumi na mbili, tukazipanga tabaka juu ya tabaka. Sasa kila zimwi anapopiga pipa, anayesikika ni yule mnyama wa Mvita.

Tunarekodi usiku, kuanzia saa saba, pikipiki zikitulia na majogoo hawajaanza. Chumba tumekizungushia magodoro na mablanketi, joto ni la kukaangia samaki. Mvua ikinyesha kwenye bati, tunazima na kulala hapo hapo. Pumzi hatuzikati. Studio nyingi huzifuta, wimbo ukabaki umesafishwa kama maiti. Sisi tumeamua mwimbaji akivuta pumzi, asikike akivuta.

Wimbo wa nane ndio ulionisumbua, pale wazazi wanapofungua pipa. Mtoto anaimbwa na binti wa dada yangu, ana miaka tisa. Tulitafuta pipa la plastiki la lita 200, tukaning'iniza maiki ndani, naye akainama akaimba mdomoni mwa pipa. Sauti ikawa ya mtu aliye mbali, amefunikwa, amezeeka kidogo. Halafu nikawa naivuta maiki juu taratibu, kwa kamba, yeye akiendelea na noti ile ile. Mara tatu nilivuta haraka mno. Mara ya nne maiki ilipotoka nje ya ukingo, sauti ilifunguka ghafla, ikawa changa, ikawa ya kwake. Mama yake alikuwa amekaa mlangoni na vitenge vyake, akisubiri zamu ya kuimba sehemu ya mama. Akaitika kabla sijamwashiria.

"Abee, mwanangu."

Haikuwa kwenye maneno ya wimbo. Tumeiacha.