Mazoezi ya Mjamzito Kando ya Ziwa Tanganyika

Mjini Kalemie, pale Mto Lukuga unapotoka katika Ziwa Tanganyika kuelekea magharibi, wajawazito wengi hukosa mapumziko zaidi kuliko wanavyokosa kazi ya mwili, kwani huteka maji, hutwanga mihogo na hurudi kutoka shambani na mzigo wa kuni kichwani. Kwa hiyo ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020, kwamba mjamzito asiye na kizuizi cha kitabibu afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, haupaswi kueleweka kuwa ni kuongezewa kazi.

Mazoezi ya wastani ni yale yanayoongeza kasi ya pumzi na mapigo ya moyo, lakini yakamwacha mama akiweza kuzungumza bila kuhema. Kutembea asubuhi, kabla jua halijawa kali, kunatosha kabisa, na hupunguza hatari ya kisukari cha mimba, yaani kile kinachojitokeza wakati wa ujauzito. Bidoni la maji la lita 20 ni jambo jingine: lina uzito wa kilo 20 hivi, nalo hubebwa wakati ambapo homoni za ujauzito zimelegeza kano, yaani nyuzi zinazoshikanisha mifupa, na tumbo limekwisha kuuvuta mwili mbele, hata mgongo ukaelemewa na mama akawa rahisi kuanguka.

Kuogelea, ambako wataalamu wa nchi nyingi hukusifu kwa sababu maji huupunguzia mwili uzito, hakufai kushauriwa hapa bila tahadhari, kwa kuwa ziwa hilo lina konokono waenezao kichocho, lina mamba, na mwambao wa Kalemie umesumbuliwa na kipindupindu mara nyingi.

Jambo linalostahili kutangulia yote ni damu. Malaria huharibu chembe nyekundu zinazosafirisha oksijeni, na mama aliyepungukiwa sana na damu huulazimisha moyo kufanya kazi kupita kiasi hata kwa mwendo mfupi. Kwa sababu hiyo vidonge vya madini ya chuma, dawa ya kukinga malaria inayotolewa kliniki na chandarua ni sehemu ya maandalizi ya mazoezi, wala si mambo ya kando. Mwenye kondo la nyuma lililoziba njia ya uzazi, au mwenye kifafa cha mimba au dalili zake, asianze mazoezi pasipo idhini ya mkunga au daktari.

Damu au maji yakitoka ukeni, kifua kikiuma, kizunguzungu kikizidi, au shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, mazoezi yakome mara moja na mama apelekwe kituo cha afya.

Waume, mawifi na watoto wakubwa walibebe bidoni hilo wao, mama aachiwe nafasi ya kutembea.