JE, KIPIMO CHA MNYAUKO WA VIAZI CHASEMA KWELI?

Wakulima wa viazi mviringo huuliza: mbegu ikipimwa ikaonekana haina mnyauko, yafaa kupandwa bila wasiwasi? Swali ni zuri, nami nalijibu hapa kwa faida ya wazazi na wanafunzi.

Mnyauko huletwa na bakteria aitwaye Ralstonia solanacearum. Huziba mishipa ya maji, mmea ukalegea ungali kijani. Kata shina lake, ulishikilie ndani ya bilauri ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, ndiye. Lakini penye baridi kiazi chaweza kumficha bila dalili yoyote. Hapo ndipo watu hutafuta msaada wa kingamwili.

Kingamwili ni askari wa damu. Sungura akidungwa bakteria waliouawa, damu yake huunda askari wa kumshika adui yule tu. Askari hao hutiwa katika kijikaratasi. Maji ya kiazi yakipita na bakteria wamo, mstari wa rangi hutokea kwa dakika chache.

Mstari ukitokea, mara nyingi ni kweli, ingawa askari hao huweza kumshika jamaa wa bakteria, hata maiti yake. Usipotokea, tahadhari! Kijikaratasi huhitaji bakteria kiasi cha 100,000 au zaidi katika mililita moja. Mmea unaonyauka una mamilioni, kwa hiyo hapo nakiamini. Kwa mbegu yenye bakteria wachache, sikiamini. Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichoko Lima, Peru, kilitengeneza njia bora: bakteria hulishwa kwanza kwa saa 48 wazaane, ndipo wapimwe. Kwa njia hiyo hata 10 katika mililita huonekana.

Tena iko hesabu. Tuseme kiazi 1 katika kila 100 ni kigonjwa, nasi twapima 200, kama ilivyo kanuni ya Umoja wa Ulaya kwa kila tani 25. Nafasi ya kutokichukua hata kimoja ni 0.99 ikizidishwa yenyewe mara 200, yaani kama 0.13. (Kidato cha Nne wahakikishe kwa logi.) Basi hata kipimo kisichokosea kabisa kingepitisha shehena mbovu mara 13 katika 100. Atakaye kuikamata mara 95 na achukue viazi 300, kutoka magunia mbalimbali, wala si vya juu tu.