Unafuga Samaki kwa Biofloki? Hii Ndio Hesabu ya Molasi Usipoteze Doo

Kama uko Ukunda ama Msambweni na umejaza tangi la tilapia, ushasikia story ya biofloki. Maji hubadilishi ovyo. Unafuga bakteria humo ndani, nao wanakulia uchafu wa samaki. Shida ni moja: hao bakteria wanataka wanga, na wasee wengi wanamwaga molasi kwa macho tu.

Samaki akila, nitrojeni nyingi ya chakula inarudi majini ikiwa amonia, na hiyo ni sumu. Joto letu la Pwani linaifanya kali zaidi, haswa pH ikiwa juu. Ukiweka wanga, bakteria wanaibeba ile amonia kujenga miili yao, wanashikana kuwa vijidonge vya kahawia, na tilapia anavila. Chakula ulichonunua kimeliwa mara mbili!

Sasa shika kalamu. Kilo moja ya chakula chenye protini asilimia 30 ina nitrojeni gramu 48 hivi. Chukulia nusu inabaki majini, yaani gramu 24. Kila gramu inataka kama gramu 20 za wanga, so hapo ni gramu 480. Molasi karibu nusu yake ndio sukari, kwa hivyo unahitaji kama kilo nzima. Unga wa muhogo ni wanga karibu wote, nusu kilo na kitu inatosha, lakini unafanya kazi pole pole. Amonia ikipanda ghafla, kimbilia molasi.

Hicho ni kipimo cha kuanzia, buda. Floki ikishakomaa, pima amonia kwanza. Ukipata sifuri, kaa na molasi yako.

Halafu kuna oksijeni, na hapa ndipo watu hulia. Bakteria wakipata sukari wanavuta hewa vibaya sana. Yeyusha molasi kwa ndoo, mwaga asubuhi kidogo kidogo, pampu ya hewa ikinguruma. Usiku usiguse. Stima ikipotea saa nane za usiku, tangi lililojaa linaweza kuisha kabla ya adhana ya alfajiri. Kama huna betri ama jenereta, mimi naona bora uchimbe bwawa la kawaida.

Kila baada ya siku chache chota lita moja ya maji, iache itulie kwenye chombo chenye alama za vipimo. Tope likipita mililita 50, toa la ziada na upunguze molasi.