Skeli, Modi na Ufunguo kwenye Gitaa

Shingo ya gitaa imegawanywa kwa freti, na kila freti hupandisha sauti kwa nusu toni. Baada ya freti 12 noti ileile hurudi, ikiwa juu zaidi. Skeli ni noti zilizochaguliwa kati ya hizo 12. Skeli ya meja, ile ya do re mi inayojulikana na kila mwanakwaya, huchukua saba kwa hatua za freti 2, 2, 1, 2, 2, 2 na 1. Ikianzia C hutoa C, D, E, F, G, A na B. Ikianzia G, F hulazimika kupanda freti moja na kuwa F shapu. Noti inayofanywa do ndiyo inayoupa ufunguo jina lake, na kupiga ndani ya ufunguo ni kubaki na noti hizo saba.

Wengi huishia kukariri umbo la vidole, na umbo hudanganya. Sebene ya Kikongo huonyesha jambo hili vizuri, kwa kuwa solo yake mara nyingi hupigwa noti mbili kwa pamoja, moja ya skeli ikirukwa katikati. Katika ufunguo wa C, do na mi hupatikana kwa kubana freti ya 1 ya uzi wa pili na kuuacha wazi uzi wa kwanza. Jozi zinazofuata kwenye nyuzi hizo ni freti 3 na 1, 5 na 3, 6 na 5, 8 na 7, 10 na 8, kisha 12 na 10. Vidole huachana freti moja kwenye do, fa na sol. Kwingine huachana mbili. Anayesogeza umbo la kwanza bila kulibadili hukutana na F shapu mara moja, na tayari ametoka nje ya ufunguo. Tofauti hiyohiyo ndiyo inayozifanya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za C, F na G kuwa meja, na za D, E na A kuwa mina.

Modi ni noti zilezile saba zikiwa na makao mengine. Zikitulia kwenye la, huwa mina asilia. Kwenye re, modi ya Doria. Kwenye sol, Miksolidia. Kuanzia D pekee hakutoshi: besi ikizidi kurudi C, sikio litasikia C meja tu. Ladha ya modi huonekana zaidi makao yasipobadilika. A Miksolidia ni A meja ambayo noti yake ya saba imeshuka freti moja. A Doria ni A mina ambayo noti yake ya sita imepanda freti moja.

Freti zenyewe zina mpaka. Katika Rasti, mojawapo ya maqamu, yaani skeli za Kiarabu, zilizoingia katika taarabu ya Zanzibar, noti ya tatu hukaa kati ya mina na meja. Udi, ala ya nyuzi ya taarabu, hauna freti, hivyo kidole huipata bila taabu. Mpiga gitaa hubana ile ya mina, kisha huuvuta uzi kidogo pembeni.