MITI YA UANI NA MSIMU WA MVUA: MAMBO YANAYOTUPASA KUYAJUA



Sisi tunaoishi kando ya ziwa, tangu Entebbe na Kampala hadi Jinja, tunapata mvua kubwa mara mbili kwa mwaka: Machi hadi Mei, tena Septemba hadi Novemba. Msimu ukikaribia, mwenye nyumba hutazama juu, akaona tawi la mfenesi au mkaratusi limeinamia mabati, naye hutafuta kijana mwenye panga. Kijana huyo mara nyingi ni mwenzetu: mtunza bustani, kibarua wa baraza la mji, au mpasua mbao aliyekosa kazi. Tunaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya mwenye nyumba pia, maana wengi wetu sasa tumejenga.

Hatujasahau yaliyompata mwenzetu mmoja. Aliitwa Jumapili asubuhi kukata tawi la mparachichi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na gome lilikuwa linateleza. Mama wa nyumba alimwambia, "Ssebo, ngoja kukauke." Akajibu, "Nyabo, ni dakika kumi tu." Hakuwa na kamba. Alianguka akavunjika mgongo. Mapatano yalikuwa ya mdomo, bei ya tawi moja. Tulipokwenda kumtetea tukaambiwa kwamba hakuwa mwajiriwa wa mtu. Pesa za hospitali tulichangishana wenyewe, na mpaka leo mkewe ndiye anayelisha nyumba kwa kuuza mboga.

Kwa nini mti huanguka?

Watu husema ni upepo. Ni kweli, lakini si upepo peke yake. Ardhi ikishiba maji hulainika, na mizizi hupoteza mshiko. Majani yakilowa huongeza uzito juu. Hapo upepo wa ghafla unaotangulia mvua ya radi ukipiga, mti mzima hung'oka. Tena mizizi mingi haiendi chini sana. Hukaa katika udongo wa juu na kusambaa mbali kupita kivuli cha mti. Kwa hiyo anayechimba mtaro au msingi wa ukuta karibu na shina anaukata mti miguu.

Dalili za hatari ni hizi: mti ulioanza kuinama karibuni; udongo uliopasuka au kuinuka upande mmoja wa shina; uyoga unaoota chini ya shina; shina linalolia kama ngoma likigongwa; tawi kubwa lililokauka; na panda mbili zilizobanana huku ufa ukionekana kati yake. Ukiona mojawapo, wahamishe watoto wasilale upande huo wa nyumba, kisha muite fundi anayeijua kazi hii.

Tusikate vichwa vya miti

Wengi hudhani kuukata mti kichwa ni kuondoa hatari. Sivyo. Mti uliokatwa kichwa huchipua haraka matawi mengi yaliyoshika juu juu tu, na jeraha kubwa huoza. Baada ya miaka michache hatari huwa kubwa kuliko mwanzo. Yafaa kuondoa matawi makavu, yaliyopasuka na yanayosuguana, na kuacha mengine.

Tawi zito hukatwa kwa hatua tatu. Kwanza, kata kutoka chini, kama sentimita 30 kutoka shina, usifike katikati ya tawi. Pili, sogea mbele kidogo ukate kutoka juu mpaka tawi lianguke. Tatu, kata kigutu kilichobaki, nje kidogo ya uvimbe ulio mahali tawi linapoungana na shina. Uvimbe huo usiuguse, maana ndio unaofunga jeraha. Anayekata mara moja kutoka juu huliacha tawi lichane gome la shina, na pengine limrudie mwenyewe. Rangi juu ya jeraha haihitajiki.

Usalama wa anayepanda

1. Asipande mti uliolowa, wala wakati wa upepo au radi.
2. Awe na mkanda wa usalama na kamba nzima iliyofungwa penye tawi hai, kofia ngumu, na viatu visivyoteleza.
3. Asifanye kazi peke yake. Mwenzake abaki chini, mbali na mahali matawi yanapoanguka, akizuia watoto na wapita njia.
4. Msumeno wa mota usitumiwe juu ya ngazi wala kwa mkono mmoja.
5. Mti unaogusa waya za umeme usiguswe kabisa. Tawi bichi lililolowa hupitisha umeme. Shirika la umeme liitwe kwanza, likate umeme.

Haki zetu

Uganda ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000. Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini, wanaomtegemea hudai mshahara wa miezi 60. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 nayo inamtaka mwajiri awape watu wake vifaa vya kujikinga. Lakini anayejichukulia kazi kwa maneno matupu anaweza kuambiwa ni mkandarasi anayejitegemea, akakosa vyote.

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kupanda andikeni karatasi: jina la aliyekuajiri, kazi, malipo, tarehe, na nani atalipa ukiumia. Pande zote mbili zitie sahihi. Nawe mwenye nyumba, usitafute bei ya chini kuliko zote. Bei hiyo mara nyingi ni ya mtu asiye na kamba. Muulize vifaa vyake kabla ya kumuuliza bei, na mvua ikiwa imenyesha, mwambie arudi kesho. Naye akisema ni dakika kumi tu, mkatalie.