Dandora hadi Mombasa: Dakika 45 angani, saa nne na zaidi safarini

MKAZI wa Dandora anayepata habari asubuhi kwamba jamaa yake atazikwa Kisauni, Mombasa, baada ya sala ya alasiri, hana budi kupanda ndege. Basi litamfikisha usiku, na garimoshi la reli ya kisasa, lililoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, huchukua saa tano au zaidi kutoka Syokimau. Lakini je, ndege itamwahisha?

Kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta (JKIA), Embakasi, hadi ule wa Moi, Mombasa, ni takriban kilomita 422 kwa mstari mnyoofu. Barabara kuu ya kupitia Mtito Andei na Voi huzidi kilomita 480.

Jeti ikishafika juu hukata kilomita zipatazo 800 kwa saa. Mwenye kugawa harakaharaka atapata dakika 32, na atakuwa amekosea. Ndege haiendi kasi hiyo inapopaa wala inapoteremka, na katika safari fupi kama hii, kupaa na kuteremka ndiko kunakokula muda. Isitoshe, ndege hupaa ikiukabili upepo, na pepo za Nairobi huvuma zaidi kutoka mashariki. Hivyo mara nyingi huondoka Embakasi ikielekea kaskazini-mashariki, ilhali Mombasa iko kusini-mashariki, sharti igeuke. Ndipo dakika 32 huwa 45 hivi. Ndege za mapanga huchelewa zaidi.

Mbona basi tiketi huonyesha kama saa moja? Mashirika huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, wala si tangu magurudumu yanapoacha ardhi.

Hata hivyo, si anga inayowachelewesha watu wa Eastlands. Kwa mstari mnyoofu, Dandora na JKIA zimetengana kwa kilomita 8 hivi tu. Msafiri, naye, hushika Barabara ya Outering na kupita Donholm, na asubuhi ya msongamano (au ya mvua, ambayo ni mamoja) mwendo huo waweza kuzidi muda wote atakaokuwa angani. Asiyemudu teksi hubadilisha matatu. Kisha kuna foleni za ukaguzi, na kaunta hufungwa mapema kabla ya ndege kuondoka. Tiketi za bei nafuu nazo aghalabu hazirudishiwi pesa, kwa hivyo kuchelewa dakika kumi ni kupoteza nauli na maziko pia.

Huko Mombasa, uwanja uko upande wa bara, Port Reitz. Wa kwenda Kisauni atavuka Makupa aingie kisiwani, kisha avuke daraja la Nyali.

Kwa hesabu hiyo, aliyepata habari saa mbili asubuhi asiikimbilie ndege ya saa nne. Akate tiketi ya saa sita, aondoke nyumbani saa tatu u nusu. Atatua saa saba na kufika Kisauni yapata saa nane, kabla ya jeneza kutoka.