Mzee Demos na Muuza Soseji

Mwaka 424 kabla ya Kristo, mjini Athens, nchi ya Ugiriki, ulichezwa mchezo wa kuchekesha. Mtungaji alikuwa kijana, jina lake Aristophanes.

Athens ilikuwa vitani na Sparta. Mkubwa aliyesikilizwa sana mikutanoni ni Cleon, tajiri wa kazi ya ngozi. Mwaka uliotangulia alikuwa amerudi na ushindi. Je, nani angethubutu kumgusa?

Aristophanes alithubutu. Katika mchezo wake yumo mzee aitwaye Demos. Kwa Kigiriki neno hilo maana yake ni umma, yaani wananchi wenyewe. Mzee ana mtumwa mpya, fundi wa ngozi, mjanja kweli kweli. Anambembeleza bwana wake kwa maneno matamu na vyakula, kumbe huku anamwibia. Watazamaji walijua mara moja ni nani huyo.

Anayetafutwa kumng'oa si mtu mwema. Ni muuza soseji wa sokoni, hodari wa makelele. Anasema yeye anajua herufi tu, tena kwa shida. Anajibiwa kuwa hata hizo zimezidi kwa kazi ya uongozi! Sisi tuliohangaika na kalamu madarasani tunaielewa dhihaka hiyo.

Lakini tuangalie vizuri. Hakuchekwa Cleon peke yake. Mzee Demos, mpenda kusifiwa, naye alikuwepo, ameketi kwa maelfu akitazama.

Waamuzi waliupa mchezo zawadi ya kwanza. Muda mfupi baadaye wananchi wa Athens wakamchagua Cleon kuwa jemadari.